Mpiga Picha na Wadeni Wake Wakubwa

Mama anayeuza nyanya katika soko la Kalundu, mjini Kitui, akipigiwa picha nne za pasipoti za mwanawe kupeleka shuleni, hulipa akiwa bado amesimama mlangoni mwa studio. Akipungukiwa na shilingi ishirini atamwita jirani yake wa kibanda, atapewa, na deni litabaki baina yao wawili. Afisa wa shirika lenye magari meupe matatu nje ya ofisi atakupa kazi ya siku nne huko Mutomo na Ikutha, atapokea picha mia tatu Jumatatu asubuhi, kisha atakuambia malipo "yako kwenye mfumo". Mfumo huo huweza kuona mvua za vuli zikija na kuondoka kabla haujatoa senti.

Kila nikiketi na wapiga picha wa Kitui na Makueni, lawama huishia kwenye simu. Simu imetuua, husema. Kila bodaboda ana kamera mfukoni, kila shangazi ni mpiga picha wa harusi. Siwapingi kabisa. Simu ilichukua picha ya Jumapili baada ya kanisa, ikachukua picha ya mtoto aliyefikisha mwaka, ikachukua ile ya marafiki wawili waliokutana Wote siku ya soko. Hizo zilikuwa riziki ya wengi. Lakini tazama nani bado anajaza daftari la mpiga picha: kamati za harusi, kamati za mazishi, shule, makanisa, maduka, kaunti, mashirika, wanasiasa. Hao wote wana simu, tena simu nzuri kuliko kamera nyingi za mitumba zinazozunguka Ukambani, na bado wanaita mtu. Wanaita mtu kwa sababu wanataka wa kumuuliza kesho picha ziko wapi. Kazi ipo. Tatizo ni kwamba wadogo katika orodha hiyo hulipa papo hapo, na wakubwa hukopa.

Mwaka wa kazi hii hauanzi Januari. Mvua inayoaminika Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na kalenda ya mpiga picha huifuata. Mvua ikinyesha, pojo za Kitui huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na maembe ya Makueni huwa yamekwisha kuanza kuingiza pesa. Desemba, waliokwenda kutafuta Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani, mbuzi wa ntheo wanapelekwa kwa wakwe, na bila mbuzi hao wazee hawakubali kwamba kuna ndoa hata kama kanisa limeshabariki. Hapo ndipo utamwona mpiga picha mmoja akianza asubuhi Matinyani, saa saba yuko Migwani, jioni anatafutwa Mwingi. Aprili na Agosti harusi hufuata likizo za shule. Kuelekea Novemba ni zamu ya watoto wa chekechea wenye majoho na kofia bapa, na wazazi wao hununua kila picha iliyotandazwa juu ya turubai uwanjani.

Mvua ikikosa, hayo yote husinyaa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na Kitui na Makueni zilikuwemo. Familia zinazoishi kwa shamba na mifugo huahirisha harusi mwaka kama huo. Mazishi hayaahirishwi.

Mazishi ndiyo nguzo ya kazi hii, na sijui kwa nini wapiga picha wenyewe huona haya kulisema. Kazi huanza usiku wa kwanza wa matanga. Mtu anatumwa na simu, ndani yake mna picha moja ya marehemu, mara nyingi ile ya kitambulisho, au amesimama katikati ya watu kumi kwenye mkutano wa chama. Mpiga picha humtoa katikati ya wenzake, hufuta mkono wa jirani uliokuwa begani pake, humvalisha koti ambalo hakuwahi kuwa nalo. Picha hiyo itakwenda kwenye kijitabu cha wasifu, kwenye fremu itakayobebwa mbele ya jeneza, na kwa miaka mingi ijayo kwenye ukuta wa sebule. Hufanywa usiku kucha, na umeme ukipotea Kibwezi au Kyuso, hiyo ni juu yake.

Kisha siku yenyewe. Kila kundi lina zamu yake kando ya jeneza: watoto, wajukuu, wakwe, akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana, wakiwa na vitambaa vya rangi moja, walimu wenzake, majirani. Anayepiga lazima ajue, bila kuambiwa, kwamba kuna nyumba mbili na mke wa pili naye ana watoto, na kwamba ndugu wawili hawazungumzi tangu shamba ligawanywe. "Mwaitu, njoo karibu na msalaba. Susu, wewe keti hapa mbele, tutakungoja." Akikosea mpangilio, kosa litaning'inia ukutani na kuchochea ugomvi miaka ishirini. Siku hizi huongezewa kazi ya kurusha matangazo moja kwa moja, kwa sababu kuna binti Riyadh au Doha ambaye mwajiri wake hakumruhusu kuja kumzika mama yake. Mtandao ukidhoofika, kijana hupanda juu ya kichuguu akiwa ameshikilia simu juu kama mtu anayetafuta ishara kutoka mbinguni.

Jioni ikifika mweka hazina wa kamati hufungua daftari lake la mistari, huhesabu pesa za harambee, humlipa mwenye hema, mwenye vipaza sauti, mpiga picha. Familia ambayo haijui ada za muhula ujao zitatoka wapi hulipa siku hiyo hiyo. Aibu ya kudaiwa picha ya mazishi ni kubwa mno.

Watu hudhani ufundi ni kubonyeza. Jua la Ukambani saa sita linakuwa wima, kivuli cha nyusi kinafunika macho, ardhi nyekundu inarudisha wekundu wake kidevuni. Ukiwapeleka maharusi chini ya mwembe wanapata baridi, lakini majani yanawamwagia rangi ya kijani usoni. Hema la kukodi lenye mistari ya buluu hugeuza nusu ya waalikwa kuwa wagonjwa. Halafu kuna gauni jeupe kando ya ngozi nyeusi: kamera ikiachwa iamue yenyewe, hulihurumia gauni na kuuzamisha uso, au hufanya kinyume. Si bahati mbaya tu. Miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na filamu ziliboreshwa kwa ngozi nyeusi baada ya muda mrefu, tena baada ya wateja wa matangazo ya chokoleti na samani za mbao kulalamika. Mpiga picha wa Nunguni huifanyia marekebisho hali hiyo kila Jumamosi bila kujua kwamba ina historia. (Wanaokwenda kupigia picha za uchumba kwenye jiwe la Nzambani wana tahadhari nyingine: simulizi husema anayelizunguka mara saba hugeuka jinsia, na nimeona bwana harusi akikataa kata kata hata mzunguko mmoja.)

Ujuzi wa mahali nao una thamani ambayo haiandikwi kwenye ankara. Chukua mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui na Makueni zinayo kwa mamia. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga mahali jua lisipofika. Ukilipiga picha bwawa hilo, unaona mto mkavu. Mgeni anayetoka Nairobi kwa siku moja huleta picha ya ukame kutoka mahali palipo na maji ya kutosha kijiji kizima, na mara nyingine hiyo ndiyo picha aliyotumwa: mtungi wa manjano, mtoto, mchanga. Aliyezaliwa hapo atangoja mama achimbe shimo la kina cha mkono, maji yachuruzike, na kata iingie. Nimeona picha za aina hiyo zikikataliwa kwa kuwa hazikuonyesha shida ya kutosha. Mpiga picha alilipwa baadaye sana, na zilizotumiwa ni zile za mwanzo.

Basi turudi kwa deni.

Enzi za filamu, mkopo haukuwa na pa kupitia. Mpiga picha alijaza roli ya picha 36, akaipeleka Nairobi kusafishwa, akarudi baada ya siku kadhaa. Mteja alikuwa ametoa nusu ya bei tangu mwanzo, na nusu ya pili ilitoka mfukoni wakati bahasha ingali mkononi mwa mwenye kamera. Negativu zilibaki kwake. Ukitaka nakala ya shangazi wa Embu, ulirudi na pesa nyingine. Kodak ilipoomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012, Ukambani filamu ilikuwa tayari imekufa, na pamoja nayo ilikufa dhamana ambayo hakuna aliyeifikiria kuwa dhamana. Leo mteja huomba "sampo chache tu kwenye WhatsApp". Akishazipata, amepata. Mama wa Kalundu akifanya hivyo, hasara ni ya chai. Ofisi ikifanya hivyo, sampo hizo utazikuta kwenye kalenda, kwenye ukurasa wa Facebook wenye wafuasi maelfu, na kwenye jalada la ripoti, huku ankara yako ikisubiri sahihi.

Kazi ya kaunti au shirika ina masharti yake. Ni lazima uwe na usajili wa biashara, kibali cha kaunti, cheti cha kutimiza ushuru, na ukitaka zile asilimia 30 za zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, cheti cha AGPO. Tangu Januari 2024 mashirika yanataka ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwani bila hiyo Mamlaka ya Ushuru (KRA) haiyakubalii kuhesabu gharama. Sina ugomvi na ushuru. Ila ankara hiyo ukiitoa leo, Mamlaka ya Ushuru inaiona leo, na wewe utaziona pesa zako Mungu akipenda. Zikija, huenda asilimia 5 imeshakatwa kama kodi ya ada ya utaalamu.

Tuseme kazi ni ya shilingi 60,000. Kati ya hizo 25,000 zimekwisha kutoka: petroli, msaidizi, lenzi ya kukodi kutoka Nairobi, malazi ya usiku mmoja Zombe. Mwenye lenzi hakopeshi, mwenye kituo cha petroli hakopeshi. Kwa hiyo kijana hugeukia Fuliza, ile huduma ya Safaricom iliyoanza 2019, ambayo hutoza ada kila siku deni linapolala. Tukilitazama vizuri, kijana mwenye kamera moja Makueni anakopa kwa simu, kwa gharama ya siku, ili aikopeshe bila riba ofisi yenye bajeti ya mabilioni. Miezi minne baadaye sehemu ya faida imekwenda kwa mkopo. Hakuipoteza kwa simu ya mtu yeyote, ila kwa simu yake mwenyewe.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, lakini hawakuiona Sheria ya Mashauri ya Serikali. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kufanya kazi 2021, inapokea madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60. Dhidi ya mwenye duka la samani aliyetumia picha zako bila kulipa, ni njia nzuri, na nashangaa wapiga picha wachache mno huitumia. Dhidi ya kaunti, unaweza kushinda na ukabaki na karatasi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali hakimruhusu dalali kukamata mali ya serikali, na marekebisho ya 2015 yalizifunika kaunti kwa mwavuli huo huo. Itakubidi urudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe. Kwa shilingi 60,000, nani atafanya hivyo? Miswada ya kulazimisha malipo ndani ya siku maalumu imekuwa ikifikishwa bungeni tangu 2020, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha madeni ya kila kaunti katika ripoti zake. Wanaodaiwa wanasoma, wanaodai wanasoma.

Kuna jambo la sheria linaloniudhi zaidi, kwa kuwa halihitaji bunge kulirekebisha, linahitaji kalamu. Wapiga picha wengi huamini kwamba picha ni yao kwa vile wao ndio waliobonyeza. Kwa picha uliyopiga kwa hiari yako, ni kweli, na hakimiliki yake hudumu miaka 50. Lakini kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huchukuliwa kwamba imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, umeuza kila kitu. Kilichobaki kwako ni haki kama ile ya kutambuliwa kuwa mpigaji. Shirika likitumia picha moja ya Mutomo miaka kumi, kwenye mabango ya kuchangisha pesa huko Ulaya, na hamkuandikiana neno, huna la kudai zaidi ya zile 60,000, ambazo pengine bado hujalipwa. Mistari mitatu kwenye karatasi ingetosha: picha ni za nini, kwa muda gani, na haki inahama siku malipo yanapokamilika, si kabla. Hilo la mwisho ndilo negativu yetu mpya.

Karatasi hiyo, ikiongezwa mstari wa idhini, ingewalinda na wapigwao pia. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha. Mpiga picha anayeweka majoho ya chekechea kwenye ukurasa wake kujitangazia biashara asidhani sheria ya ulinzi wa data ilitungiwa Nairobi peke yake.

Nikiyasema haya mbele ya wapiga picha na wateja wao, hujibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba ni rahisi kwa mwandishi wa makala kumwambia kijana wa Wote akatae kazi ya kaunti isiyo na karatasi ya masharti: atakayeikubali bila masharti yuko nyumba ya pili. Ni kweli, ndiyo maana mtu mmoja mmoja hataweza. Wenye hema na vipaza sauti katika miji hiyo hiyo wameshakubaliana kwamba hakuna turubai linalofunguliwa bila nusu ya pesa, na hakuna mteja anayewaona wakorofi. La pili hulisema wateja, na linauma: wapo wapiga picha waliochukua arubuni ya harusi wakazima simu, na wengine walioleta albamu mtoto wa kwanza akiwa tayari anatembea. Kamati iliyowahi kuumwa na mmoja wao haitatoa nusu kwa furaha. Anayetaka kulipwa mapema lazima aandike siku ya kukabidhi, na aitimize, hata kama ni kwa kumlipa mwenzake aimalizie kazi.

Msimu wa mtihani umekaribia. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na wanaotaka ugavana, ubunge na viti vya wadi Kitui na Makueni watahitaji sura zao ziwe na nuru kuliko zilivyo. Kuna kitu nimekitazama katika misimu iliyopita. Mwenye mtambo wa kuchapisha mabango Nairobi hawashi mashine kabla hajalipwa, na mgombea hulipa bila kunung'unika. Anayeshona fulana hulipwa. Anayekodisha gari la vipaza sauti hulipwa, na petroli juu. Sura yenyewe, ambayo bila hiyo bango ni karatasi tupu, ndiyo hukopwa, na mgombea akianguka, deni huanguka naye. Akishinda, nambari yake hubadilika. Basi faili kamili isitumwe kwa mgombea wala kwa msaidizi wake. Itumwe moja kwa moja kwa mchapishaji, siku ile ile mchapishaji analipwa, baada ya ujumbe wa M-Pesa kuingia kwenye simu ya aliyepiga picha.